Nilisema Hakusaidiwa na Mtu

Turubai lilifungwa kutoka ukutani kwetu hadi kwenye mwarobaini wa jirani, na nusu ya mtaa wetu wa Magomeni ilikuwa imekaa chini yake. Sheikh alipomaliza dua akanipa ishara. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, kwa hiyo yale mambo mawili yanayosemwa kabla jeneza halijanyanyuliwa yalikuwa yangu: marehemu alikuwa nani, na kama kuna anayemdai.

La kwanza nilikuwa nimeliandika usiku kwenye simu, nimejifungia chooni ili wadogo zangu wasinione ninavyolia. Lilikuwa na mistari kumi na miwili. Katikati yake nilisema hivi: "Baba yetu alikuja mjini mikono mitupu. Alianza sifuri. Hakusaidiwa na mtu."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikaunganisha la pili hapo hapo: "Na kama kuna anayemdai marehemu, aje kwangu au kwa baba mdogo. Deni litalipwa."

Tuliporudi makaburini nikamkuta mzee mmoja mwembamba ananisubiri pembeni ya sufuria za pilau. Kofia yake ilikuwa imepauka, miguu imekakamaa kama mizizi. Nikamwamkia. Akauchukua mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Umesema vizuri, mwanangu. Ila hapo kwenye kusaidiwa, baba yako angekukatiza."

Nikadhani anadai, anaona haya kutaja. Nikamwuliza ni kiasi gani.

"Mimi sidai. Nimekwambia tu."

Akaaga, akaelekea kituo cha mwendokasi. Jina sikumwuliza.

Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza. Sasa ni ya saba, na maneno yale bado yanapiga hodi kila ninapozima taa.

Wasifu wenyewe

Kwanza niseme kwamba sikudanganya. Kila nilichosoma siku ile kilikuwa kweli. Baba alizaliwa bondeni Rufiji, Mndengereko mtoto wa mkulima wa mpunga. Mafuriko ya 1968 yalilaza mashamba yao, kisha serikali ikawahamisha watu wa bonde kwenda vijiji vya ujamaa, juu, mbali na maji na mbali na mpunga. Mwaka 1972 akapanda lori la magunia akaja Dar es Salaam. Akawa mchukuzi. Akasukuma mkokoteni Kariakoo, na soko jipya lilipofunguliwa 1975 akawa miongoni mwa vijana wanaoshusha mizigo kule shimoni. Akaanza kuuza kanga za kutembeza begani. Mwaka 1987 akapata fremu ndogo jirani na Mtaa wa Uhuru, na humo ndimo alimokaa hadi wiki mbili kabla ya kufariki. Watoto watano, wote tumesoma. Nyumba moja ya Magomeni. Duka moja.

Ukiyapanga hivyo, mtu anaonekana kama mnazi uliosimama peke yake ufukweni.

Nilikuwa najivunia picha hiyo. Mimi ni mhasibu, nafanya kazi ofisini Posta, na kwa miaka mingi nilipokuwa nikikaa na watu ambao baba zao walikuwa wakurugenzi, picha hiyo ndiyo ilikuwa silaha yangu. Baba yangu hakubebwa. Baba yangu alijibeba.

Mzee wa kofia iliyopauka aliigusa hapo hapo.

Swali la Mei 2019

Siku chache baada ya mazishi nilikumbuka jambo ambalo nililipuuza wakati lilipotokea.

Mei 2019, mwili wa Reginald Mengi ulipoletwa kutoka Dubai, watu walijipanga barabarani, na sisi nyumbani tulikaa mbele ya televisheni. Wakawa wanasimulia alivyoanza: mtoto wa familia maskini ya Machame, akasoma uhasibu, akaanza biashara kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Nilimtazama Baba, nikitarajia aseme kitu kuhusu juhudi. Alikuwa anamheshimu sana yule mzee. Lakini alichosema ni hiki:

"Na hizo kalamu za kwanza, nani alimpa mali kauli?"

Hakukuwa na dharau ndani yake. Aliuliza kama fundi anavyouliza msingi wa nyumba umejengwa kwa mawe gani. Nikamjibu kwamba sijui, nikaongeza sauti ya televisheni.

Mali kauli. Nimelisikia neno hilo tangu sijaota meno. Unachukua mzigo kwa mwenye duka bila shilingi mkononi, unauza, unarudisha hela yake, unabaki na chako kidogo. Hakuna karatasi wala rehani, na mdhamini ni mdomo wako mwenyewe. Kariakoo nzima imesimama juu ya neno hilo, na mimi mwenye shahada ya uhasibu sikuwahi kulipa heshima yake, maana halina safu katika vitabu nilivyofundishwa. Ukijaribu kuliweka kwenye mizania litaandikwa deni tu, basi, kama vile deni la benki na deni la mtu aliyekuamini ukiwa pekupeku ni kitu kimoja.

Nikaenda kumwuliza Mama.

Chumbani kwa Mama

Mama yuko eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, na kwa sababu hatoki, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimepata muda wa kukaa naye bila yeye kuinuka kwenda kuangalia chungu. Nakwenda kila jioni nikitoka kazini. Anakaa juu ya mkeka, kichwa amekifunika, tasbihi mkononi. Sauti yake imeshuka kidogo tangu msiba.

Nilimweleza habari za yule mzee. Akatabasamu, la kwanza kuliona baada ya wiki tatu.

"Huyo ni mwenzake wa mkokoteni. Walikuwa wakilala juu yake kwa zamu. Mmoja analala, mwingine anaulinda usiibwe."

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Akwambie nini? Umesimama mbele za watu umesema baba yako hakusaidiwa na mtu. Yeye ni mtu."

Mama hakusema kwa ukali. Alisema huku akihesabu tasbihi. Nilihisi masikio yananiwaka.

Tangu siku hiyo amekuwa akinisimulia vipande vipande, bila mpangilio, jinsi anavyokumbuka. Mwenye duka la kanga wa Mtaa wa Uhuru, Mhindi, aliyempa Baba doti tatu za kwanza baada ya kumwona kwa mwaka mzima anashusha mabunda bila kufungua hata moja. Pesa ya upatu ya Mama, aliyoipata kwa vitumbua, ambayo ilikwenda kwenye kilemba cha fremu mwaka 1987. Hiyo ya upatu ilinichoma. Nimesoma mbele ya watu zaidi ya mia kwamba Baba alinunua nafasi ile kwa jasho lake, na mwenye jasho alikuwa ndani na wanawake wenzake, ameinama, ananisikiliza kupitia dirishani.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Uliniuliza?"

Doti kumi na mbili

Lakini kisa kilichonikosesha usingizi kabisa ni cha mwaka 1983.

Wenye umri wa wazazi wangu hawahitaji kuelezwa. Madukani hakuna sabuni, hakuna sukari, hakuna nguo. Ukitaka kanga unapanga foleni ya duka la ushirika na barua ya balozi wa nyumba kumi, na foleni ikifika kwako mzigo umekwisha. Kisha ikaja ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Watu walitupa mali barabarani usiku. Wengine walizitupa baharini.

Baba alikuwa na doti kumi na mbili chini ya kitanda.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwenye wasifu nililiruka kwa makusudi. Doti zile hazikupatikana kwa foleni. Zilipita mlango wa nyuma, na Baba alikuwa anaziuza kwa bei ya kuruka. Kwa sheria ya wakati ule alikuwa mlanguzi. Mlanguzi mdogo, wa doti kumi na mbili, lakini mlanguzi. Nimehangaika sana na hilo. Nilikua nikiambiwa shuleni kwamba walanguzi ndio waliotutesa, na kumbe chakula changu cha utotoni kilitoka humo. Nilimwuliza Mama kama Baba aliwahi kuona haya. Akasema alikuwa akiona haya kila siku, na kila siku akitoka kwenda kuuza. Kisha akaniambia kwamba Aprili 12, 1984, redio ilipotangaza kifo cha Sokoine, Baba alikaa kizingitini akalia kama mtoto. Mtu ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa akijificha dhidi ya operesheni yake. Nimeyageuza mambo hayo mawili upande huu na upande ule, nikitaka moja lifute jingine. Hayafutani.

Turudi kwenye zile doti.

Walikuwa wapangaji katika nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, uani kisima na jiko. Alasiri moja mtoto akaja mbio: mgambo wapo nyumba ya tatu, wanapekua. Baba hayupo. Mama ana mimba na doti kumi na mbili.

Akazitoa uani. Hakusema neno, maana wanawake wote waliokuwa pale walijua. Kanga mpya inajulikana tu: ngumu kwa wanga, vipande viwili vimeshikana, harufu ya kiwandani. Mmoja akaleta mkasi, wakazikata katikati. Mwingine akavuta maji, wakazitosa kwenye ndoo, wakazikamua, wakazifikicha kwa majivu kidogo. Walikuwa saba jumla. Watano wakajifunga doti mbili mbili, ya pili juu ya ya kwanza, wawili wakachukua moja moja. Mmoja akakaa akaanza kuchambua mchele. Mwingine akachukua ndoo. Mwingine akajilaza ukumbini akasema anaumwa tumbo.

Mgambo wakaingia, wakapekua, wakainua godoro. Chini ya kitanda kulikuwa na ndala.

Walipotoka, Mama anasema, hakuna aliyecheka wala kushangilia. Yule wa mchele akaendelea kuchambua mchele. Kila mmoja alijua kwamba kanga moja tu ingetambuliwa, wote saba wangelala ndani, na walikuwa na watoto. Mtaji wote wa baba yangu, ule ninaouita sifuri yake, siku ile ulikuwa umefungwa kwenye viuno vya wanawake saba ambao hawakuwa na hisa hata moja ndani yake.

Usiku zikaanza kurudi. Moja moja, zimekunjwa. Mama akazipinda kwa mkono, akazipaka wanga wa muhogo, akazipiga pasi ya mkaa. Ziliuzwa kwa hasara kidogo.

Zilirudi kumi na moja.

Ya kumi na mbili haikurudi. Mama anamkumbuka aliyebaki nayo, anakumbuka na jina lake, yaani jina la kanga: *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Alikuwa mama wa chumba cha mwisho, na mimi nilimjua nikiwa mdogo kama bibi wa ubuyu. Aliivaa kanga ile miaka na miaka, mpaka ikawa ya kufutia vyombo. Baba alikuwa akikutana naye kisimani, anamwamkia, wanaulizana habari za watoto.

"Hamkumdai?"

Mama alinitazama kwa muda mrefu.

"Tumdai nini, baba? Yeye ndiye alikuwa amelala ukumbini."

Barua ya mistari mitatu

Mwaka huo huo wa 1983 Baba alikamatwa Mnazi Mmoja katika msako wa Nguvu Kazi, ule wa kuwarudisha vijijini wasio na kazi. Hakuwa na kitambulisho cha kazi. Wakampandisha lori hadi Rufiji. Baada ya wiki mbili alikuwa amerudi, kama walivyorudi wengi.

Kilichomwezesha kukaa mjini safari hii nimekishika kwa mikono yangu. Kimo kwenye kopo la maziwa la zamani pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa: barua iliyopigwa taipu, mistari mitatu, inasema mwenye barua hii ni msaidizi wangu dukani na ninamlipa mshahara. Chini yake kuna saini ya yule Mhindi wa Mtaa wa Uhuru. Baba hakuwahi kuwa mwajiriwa wake hata siku moja. Ulikuwa uwongo, na aliyeusaini alikuwa na duka la kupoteza.

Baba aliitunza barua hiyo zaidi ya miaka arobaini. Hati ya nyumba aliiweka ndani ya bahasha. Barua aliifunga kwa kitambaa.

Mto ulipofunga njia

Kuna sifa nyingine niliyoisoma siku ile: mtu wa familia. Hiyo nilidhani haina ubishi. Baba alifunga duka saa kumi na moja jioni, kila siku, saa ambayo wafanyakazi wa maofisini ndio kwanza wanashuka Kariakoo na hela zao. Kabla ya magharibi alikuwa nyumbani na mfuko wa kaki: machungwa, au mkate, au samaki wa kukaanga. Tulikula sinia moja, saba kwa pamoja. Baada ya chakula alitoa kanga mpya za mzigo wa siku hiyo, akazitandaza, na kila mtoto alisoma jina moja kwa sauti. Sisi tulidhani anatupima. Nilikuwa darasa la sita nilipotambua kwamba kwenye herufi ndogo zenye mapambo alikuwa anashindwa, na masomo yale yalikuwa yake kama yalivyokuwa yetu. Kisomo cha watu wazima kilimpa herufi. Kanga ndizo zilizompa kusoma.

Nikamwambia Mama kwamba angalau hapo sikukosea. Alikuwa mtu wa familia.

"Alijifunza," akasema.

Nikasubiri.

"Hakuwa hivyo. Wewe unakumbuka baba wa baadaye."

Ni kweli. Nilikuwa na miaka minane, na nilichokuwa nakumbuka ni mvua tu. Masika ya 1990 Baba alikuwa amepeleka mzigo Kilwa na Lindi, kama alivyokuwa akifanya mara tatu au nne kwa mwaka, akikaa huko wiki nne, tano. Kusini kulikuwa na bei. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wetu wa nne na alimwomba asiende safari hiyo. Akaenda. Wanaoijua barabara ya kusini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 wanajua kilichofuata: mvua zikishuka, mto unafura, kivuko cha Ndundu kinasimama, na magari yanapanga mstari upande wa pili kama mchwa waliofungiwa njia. Baba alikaa pale siku tisa. Kwao. Ng'ambo ya mto uleule aliotoroka mafuriko yake.

Uchungu wa Mama ulianza usiku, kabla ya siku zake. Simu hakuna. Waliompeleka hospitali ni wale wale wa uani. Bibi wa ubuyu ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabara kuu, maji yakiwa magotini, kwa sababu teksi zilikataa kuingia mtaani.

Mama alipona. Mtoto alipona, na leo ni mwalimu.

Baba alipofika alimkuta mtoto ana siku saba na jina tayari. Mama anasema hakusema kitu. Akatua mzigo, akaenda kwenye kila chumba cha nyumba ile, akabisha hodi, akaingia, akakaa. Kwenye chumba cha mwisho alikaa mpaka usiku wa manane.

Hakusafiri tena. Wateja wa Lindi walimwandikia, wakamwandikia, wakaacha.

Fremu ya pili

Mwaka 1996 alipewa nafasi ya kuchukua fremu ya pili, kubwa, barabarani kabisa. Kilemba alikuwa anacho. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilimsikia kwa masikio yangu akikataa, akisema maduka mawili yana funguo mbili na yeye ana jioni moja.

Nilimkasirikia. Niseme wazi, nilimkasirikia kwa miaka. Aliyeichukua fremu ile leo ana ghorofa. Watoto wa wenzake walikwenda kusoma nje, mimi nilipanda basi la UDA kwenda shule nikiwa nimening'inia mlangoni. Nilipoanza kazi nilimpigia mahesabu kwenye karatasi: saa mbili za jioni kila siku, kwa miaka kumi, zimekupotezea kiasi hiki. Alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja karatasi vizuri, akaiweka mfukoni.

Sikujua kwamba alikuwa analipa. Nilidhani anapoteza. Hata sasa sina uhakika kama alikuwa anamlipa Mama, au wale wanawake, au nafsi yake iliyokaa siku tisa inatazama maji. Ningetoa mengi kumwuliza. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kumwuliza, tukitoka pamoja msikitini, na tulizungumza mpira.

Kinachonitafuna ni kwamba ile sentensi yangu ilikuwa nzuri. Watu waliipenda. Wawili walinitumia ujumbe wakisema imewapa moyo, nao wanahangaika na biashara zao peke yao. Nawaza juu ya hao wawili. Nimewapa nini? Nimewaambia kwamba mtu mzima hasaidiwi, kwamba ukibisha hodi kwa jirani umeshindwa. Na Baba, ambaye maisha yake yote yalikuwa ni kubisha hodi na kufungua anapobishiwa, nimemfanya kuwa shahidi wa uwongo huo akiwa amelala mbele yangu hawezi kunikatiza.

Daftari

Kwenye mirathi, madeni hutangulia. Kabla ya thumuni ya Mama, kabla ya mafungu yetu, anayedai alipwe. Ndugu wamenikabidhi hesabu kwa sababu ya kazi yangu, na nimekaa na daftari la Baba la jalada gumu, lililojaa mwandiko wake mkubwa wa wino wa bluu.

Wanaodaiwa wapo wengi. Hakuwaandika majina, aliwaandika alivyowaona: mama wa Tandale mrefu, doti sita. Kijana wa Pemba, kumi na tano. Kuna ukurasa wa Julai 2021, wiki ile soko lilipoungua usiku wa tarehe kumi, wenye watu kumi na mmoja ambao sijawahi kuwaona hapo kabla wala baadaye, kila mmoja doti tano, na mbele yao hakuna tarehe ya kurudisha.

Wanaomdai yeye hakuna hata mmoja. Nimepekua mara tatu. Kihesabu, Baba amekufa hadaiwi.

Nilimpelekea Mama taarifa hiyo kama habari njema. Akaniuliza doti ya kumi na mbili nimeiandika upande gani.

Nikasema Mama, hiyo walichukua wao.

"Ndiyo. Nakuuliza upande gani."

Bibi wa ubuyu alishafariki. Nimepata habari kwamba binti yake anaishi Kigogo, ana genge. Siku ya msiba alikuwa jikoni, alikaanga vitunguu vya pilau, mimi nikampita mara nne bila kumtambua. Jumapili nimekwenda kumtembelea. Sikuwa na hotuba. Nilimpelekea doti mbili na nikakaa, kwa sababu Baba alikaa. Tulizungumza habari za shule ya wanawe na bei ya nyanya. Nilipokuwa naondoka akanifungia ubuyu kwenye gazeti, mweupe, wa kizamani.

Yule mzee wa mkokoteni bado sijampata. Mama anajua jina lake la utani tu, na Kariakoo wanaolijua jina hilo wanasema alihamia Mbagala, wengine Chanika. Namtafuta.

Jumatatu nilichukua likizo nikaenda kufungua duka. Mdogo wangu amelifunga tangu msiba, na tunajadiliana kama tuliendeshe au tuliuze. Nilikuwa na kalamu na orodha ya kuhesabia mzigo. Kabla sijafika rafu ya pili akaingia dada mmoja, mtoto mgongoni, jasho linamtiririka. Akasimama aliponiona mimi.

"Kaka, mzee hajafika?"

Nikamwambia. Akakaa kwenye kigoda cha Baba bila kukaribishwa, akajifunika uso kwa ncha ya kanga, akalia kwa sauti ya chini mpaka mtoto naye akaamka. Alipotulia nikamwuliza shida yake. Akasema yeye huchukua doti kumi Jumatatu, anauza Mbagala, anarudisha Ijumaa. Daftarini nikamkuta: binti wa Rangi Tatu. Miaka minne, Ijumaa kwa Ijumaa.

Nikamwomba kitambulisho. Akanitazama, si kwa hasira. Akasema hana, mzee hakuwa akimwuliza.

Nilishika kalamu muda mrefu. Nje, mkokoteni ulipita, msukumaji anapiga mluzi watu wampishe.

Nikamhesabia doti kumi. Akazifunga kwenye shuka, akambeba mtoto vizuri, akasema, "Ijumaa baada ya swala, kaka."

Leo ni Jumatano.